Mwenyewe Hayupo

Kazi yangu ilikuwa kufuata mistari ya watu waliokwisha kufa. Nilikuwa mnakili wa ramani katika ofisi moja ya serikali kisiwani Mombasa, wakati wa ile vita kubwa ya pili, na ramani nyingi nilizopewa zilichorwa kabla sijazaliwa. Unatandaza ramani kuukuu juu ya meza, unaifunika kwa kitambaa chembamba chenye wanga kinachoonyesha kilicho chini yake, unakisugua kwa unga wa chaki ili kishike wino, kisha unainamisha kichwa na kufuata mstari mmoja baada ya mwingine mpaka shingo ife ganzi. Ukikosea, unachukua wembe, unaparuza wino polepole, unalainisha mahali pale kwa ukucha, unaandika upya. Ukikosea mara mbili, karani mkuu anakushushua mbele ya watu wote.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimeoa, na hasira zangu zi karibu. Hasira hizo sijaziacha hata leo. Mke wangu atakuapia.

Vitambaa vilivyoharibika nilivitia ndani ya shati nikaenda navyo nyumbani. Mke wangu alivichemsha, wanga ukatoka pamoja na njia na mabonde, kikabaki kitambaa laini cha pamba ambacho madukani, kwa vita ile, hukukipata hata ukilia. Mtoto wetu wa kwanza alivaa kanzu iliyokuwa ramani ya Changamwe. Ukimtazama vizuri begani, uliona kivuli cha reli.

Tulikaa Likoni, juu ya ule ufuo ambao siku hizi watu huuita Shelly na kwenda kuogelea. Shamba lilikuwa la babu yangu, mzaa baba. Lilikuwa na minazi, mikorosho michache, nyumba ya makuti, na upande wa juu makaburi. Babu alilala pale, na baba yangu karibu yake, na ubavuni mwa babu paliachwa nafasi ya mtu mmoja. Nafasi ile ilikuwa ya bibi yangu, na yeye mwenyewe alikuwa akienda kuipalilia kila Alhamisi, kwa kupapasa, kwa sababu mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili. Njia ya kwenda makaburini aliijua kwa nyayo.

Bibi ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki. Alinitania kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kiume: mimi nilikuwa mumewe, na mke wangu alikuwa mke mwenziwe. "Ewe mke mwenzangu," angeita kutoka ukumbini, "huyu bwana wetu mbona leo amenuna, ulimpa nini?" Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Nyumba ile ilikuwa ya furaha, na nalisema hili mapema kwa sababu huko mbele sitapata pa kulisema.

Lakini mumewe wa kweli bibi hakumtaja kwa jina hata siku moja. Wanawake wa rika lake hawakutaja majina ya waume zao, wawe hai au wamekufa. Aliyemtaja mumewe kwa jina alionekana hana haya. Wengine walisema "baba fulani," wengine walisema "bwana." Bibi yangu alisema "mwenyewe." Mwenyewe ndiye aliyepanda mnazi huu. Mwenyewe hakupenda pilipili. Nilipokuwa mdogo nilidhani hilo ndilo jina la babu, mpaka mwalimu wangu wa chuo cha Kurani aliponiuliza jina langu kamili, nikamjibu kuwa mimi ni mjukuu wa Mwenyewe, darasa zima likaniangukia kwa kicheko.

Jumamosi moja baada ya alasiri akaja mzee wa mtaa, pamoja na askari wawili na mtu aliyebeba bendera za kupimia. Akasema jeshi linakitaka kilima chetu, kwa kuwa kinaitazama bahari. Watu wote kutoka barabarani mpaka ufuoni wahame mnamo wiki sita. Mwenye jina lake katika daftari la mashamba atapewa shamba jingine upande wa Kisauni, na makaburi yake yatazungushiwa ukuta na ataruhusiwa kuyazuru. Asiye na jina katika daftari ni mtu aliyekaa tu katika ardhi ya serikali. Huyo atachukuliwa kwa lori, akashushwe kwa jamaa zake popote walipo. Basi.

Bibi alicheka.

"Waambie sisi tumeandikwa," akasema.

Nikamuuliza tuliandikwa lini na nani, maana cheti sikupata kukiona. Akakaa kitako vizuri, akanieleza. "Baba yako alikuwa chuoni. Mimi nilikuwa mlangoni napepeta mchele. Wakaja, Mzungu na karani wake, mtu wa mbali, Kiswahili chake cha kuokotaokota, na watu wanaoburura mnyororo wa chuma. Wakazunguka shamba zima, wakafukia jiwe kila pembe. Kisha yule karani akanisimamia, akaniuliza, nikamjibu kwa adabu, na akaandika. Nalimuona yuwaandika, kwa mato yangu haya, yalipokuwa mato. Mwenyewe aliporudi nikamwambia, wamekuja na wameandika. Akasema alhamdulillahi."

Akaniambia pia kwamba baadaye mpiga mbiu alipita kijijini akitangaza kuwa yeyote ambaye hakuandikwa avuke aende kwa hakimu kisiwani akajisemee. Babu hakunyanyua hata mguu. Aende kusema nini, na mkewe alimuona karani akiandika?

Mawe yalikuwapo kweli. Kila pembe ya shamba palikuwa na jiwe lenye nambari, tuliloliita bikoni, na mtoto yeyote aliyelikalia alipigwa kofi. Nikajisemea kuwa penye nambari pana ramani, na penye ramani pana daftari, na vyote hivyo havina budi kuwa mle ofisini mwangu, katika yale makabati ya bati ambayo hakuna aliyeyafungua kwa hiari kwa sababu ya mende.

Karani mkuu wetu alikuwa Mgoa mzee, mkali, msafi kupita kiasi. Nilimuomba ruhusa ya kutazama ramani za zamani za Likoni wakati wa chakula cha mchana. Akanitazama mikono. "Kwanza kanawe," akasema, "sitaki ramani zangu zinuke papa." Wallahi siku nyingine ningemjibu, na kazi ningeiacha palepale. Siku ile nikaenda kunawa kwa sabuni, mara mbili.

Nilitafuta siku kumi na mbili. Ramani zilikuwa zimesongwasongwa bila mpango, Changamwe ndani ya Kisauni, Kipevu chini ya Nyali, nyingine zimetobolewa na wadudu mpaka ufuo wote umeliwa. Nilikuwa nikitafuta jina moja tu, lakini kila siku nilikuta kitu, na kila jioni nilimpelekea bibi nilichokikuta, naye alinipa kisa chake. Nikamwambia nimeona alama ya kisima kusini mwa msikiti, ambapo mimi najua hapana kisima. Akasema kipo, kilizibwa alipotumbukia bintiye dada yake, na juu ya mfuniko wake ndipo tunapoanikia nazi. Sikuanika tena nazi pale. Nikamwambia makaburi yetu yamo kwenye ramani, ila yametiwa misalaba midogo, kwa sababu hao wapimaji alama yao ya kaburi ni hiyo, awe Muislamu aliyelala pale au nani. Akaguna. "Mwenyewe angewafuata na panga," akasema, kisha akacheka peke yake muda mrefu.

Siku nyingine nikamwambia kuna njia iliyochorwa kwa vidotidoti, inatoka bara, inapita nyuma ya shamba letu na kuteremka mpaka kwenye ghuba, wala haina jina. Bibi akasema njia hiyo jina inalo, ila aliyechora hakuambiwa. Iliitwa njia ya minyororo, na mama yake mzazi aliletwa kwa njia hiyo, mtoto wa miaka saba, amefungwa pamoja na kaka yake, na kaka yake hakufika. Nyumbani kwetu jambo hilo halikupata kusemwa. Baba yangu alikufa hajalijua. Sisi tuliokuwa tukijiita watu wa mji na kuwabeza watu wa bara waliokuja kutafuta vibarua bandarini! Nilikwenda nje nikasimama, nikaona haya mpaka masikio yakawaka. Aliponiita ndani alisema tu, "Sasa umejua. Kesho tafuta jina."

Siku ya kumi na tatu nikalipata shamba letu. Lilikuwa vilevile alivyolieleza bibi, kila pembe, kila kona ya njia. Nyumba imo, makaburi yamo, hata ule mnazi uliopigwa na radi umo, maana ulitumiwa kupimia. Nikatamani kupiga kigelegele kama mwanamke. Nikachukua nambari ya shamba, nikafungua daftari lililoandamana na ramani ile, nikateremsha kidole.

Mashamba yote ya jirani yalikuwa na majina ya watu. Jirani yetu wa kaskazini aliandikwa jina lake, la baba yake na la babu yake, na kijijini kila mtu anajua kuwa siku ile alikuwa nyumbani kwa sababu ya tumbo la kuendesha. Mbele ya nambari yetu paliandikwa kwa wino mweusi, kwa mkono wa mtu asiyejua vizuri anachokiandika: "Mwenyewe hayupo." Pembeni mkono uleule uliongeza kwa Kiingereza kwamba aliyekutwa ni mwanamke mmoja na kwamba hakutaka kutaja jina. Na chini, kwa wino mwekundu, mkono wa mtu mwingine, wa ofisini, ambaye bila shaka hakuvuka kivuko maishani mwake, ulikuwa umetafsiri: halina mwenyewe. Nikarudi kwenye ramani. Shamba letu lilikuwa limepakwa rangi ya waridi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiipaka rangi hiyo kila siku juu ya mashamba ya watu wengine, na nilijua maana yake. Ni ardhi ya serikali.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Mgeni anabisha hodi, mume hayuko nyumbani, mke anajibu nyuma ya mlango: mwenyewe hayupo. Mke wangu alilisema neno hilo asubuhi ileile, alipokuja muuza makaa. Maana yake ni kwamba bwana ametoka, rudi baadaye. Yule karani hakurudi baadaye. Alisikia maneno mawili, akayaandika yote mawili bila kuacha herufi, na kwa maneno hayo mawili tukawa hatuna kitu.

Nilikuwa na wembe mfukoni mwa shati. Nitasema kweli: niliutoa. Nilifikiri kuuparuza ule wino, kulainisha karatasi kwa ukucha, kuandika jina la babu yangu kwa mwandiko uleule, maana kuiga miandiko ya watu ndiyo kazi niliyofunzwa. Mkono wangu ulikwisha kutulia juu ya mstari. Kisha nikafikiri jela, nikafikiri mtoto, nikaurudisha wembe mfukoni. Niliogopa. Wako wanaosema ule ulikuwa uaminifu. Nimekaa na jambo hili miaka mingi na najua ulikuwa woga.

Jioni ile nilivuka kivuko na kichwa kinawaka. Nilikuwa na hasira na karani, na Mzungu, na vita, na babu yangu aliyeshindwa kwenda kwa hakimu kwa miguu yake miwili mizima. Lakini hasira kubwa ilikuwa kwa bibi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa karibu. Alisikia hatua zangu akaniita kwa furaha.

"Mume wangu! Umeliona?"

"Nimeliona," nikasema. "Limeandikwa mwenyewe hayupo. Hayo ndiyo maneno yako, bibi. Karani alikuuliza shamba la nani, na wewe badala ya kutaja jina la mtu ukamwambia mwenyewe hayupo! Wewe ndiwe uliyelitoa shamba hili!"

Mke wangu alinishika mkono, nikauvuta.

Bibi aligeuza uso pale sauti yangu ilipotoka. "Kweli hakuwapo," akasema taratibu, kama anayemweleza mtoto. "Alikuwa Takaungu, mazikoni." Kisha akasema, "Ulitaka nimtaje mume wangu kwa jina, mbele ya mwanamume nisiyemjua, nami ni mke wa watu?"

Akaendelea kukaa palepale, na polepole nikaona kuwa neno linamwingia. Midomo yake ilikuwa ikitembea bila sauti. Hakula usiku ule wala siku ya pili. Mke wangu alimpelekea uji, ukapoa, akauondoa. Mke wangu hakunisemesha, na alikuwa na haki.

Mimi huku nyuma nikaenda kwa afisa wa ardhi, Mzungu mwenye sauti ya upole, nikamweleza mkasa wote na nikamtajia jina la babu. Akanisikiliza, si haba. Akaniuliza siku hiyo ya kupimwa nilikuwa wapi. Nikasema sijazaliwa. Akasema basi ushahidi wangu si ushahidi. Mtu aliyekuwapo siku ile aje aseme shamba lilikuwa la nani. Waliokuwapo wote walikwisha kufa, isipokuwa mmoja.

Siku ya tatu, nilipomweleza neno la afisa, bibi akaomba maji ya kuoga na buibui lake jipya. "Nipeleke nikaseme," akasema. Mke wangu akamwambia, "Mke mwenzangu, hulazimiki." Akajibu kuwa analazimika, kwa sababu yeye ndiye aliyenyamaza.

Tulivuka pamoja. Hakuwa amevuka tangu macho yalipomfunga, na alinishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaniingia. Ofisini alikalishwa kwenye kiti, akashuka akakaa mkekani, viti hakuvizoea. Yule afisa alikuwa mezani na rundo la karatasi mbele yake, anaandika. Akamsalimu kwa Kiswahili chake kigumu, akamuuliza shamba lilikuwa la nani.

Bibi alifunika uso kwa ukingo wa buibui, ingawa yeye ndiye asiyeona. Nikasikia pumzi zake. Ofisi nzima ilikuwa kimya isipokuwa kalamu. Kisha akalitaja. Alilitaja jina la mumewe, na la baba yake mumewe, na la babu yake mumewe, na nasaba nzima mpaka alipokoma, kwa sauti nyembamba kama ya msichana, na alipomaliza machozi yalikuwa yakimtiririka. Jina lile siliandiki hapa. Alilolitoa lilikuwa lake, na alilitoa mara moja.

Afisa alikuwa hajanyanyua uso. Akaniambia kwa Kiingereza, kwa upole uleule, kwamba anasikitika. Amri imekwisha kutiwa saini tangu jana, ramani mpya imekwisha kwenda, na hata kama shamba lingekuwa la Mtume mwenyewe, sasa hakuna la kufanya. Muda wote ule aliosema, na muda wote bibi aliposema, alikuwa akiandika barua nyingine, ya mambo ya mafuta ya taa. Niliisoma kichwachini kutoka nilipokuwa nimesimama. Kusoma kichwachini ni jambo jingine tunalojifunza wanakili.

Bibi Kiingereza hakijui. Akanivuta kanzu. "Asemaje?"

Nilimtazama pale mkekani, na lile buibui jipya. "Asema amesikia," nikamwambia.

Tukatoka. Kwenye ngazi akasimama, akacheka kidogo huku bado akijifuta machozi. "Nimeisikia kalamu," akasema. "Safari hii yuwaandika jina. Nimeisikia kwa masikio yangu."

Ningeweza kumwambia palepale. Ningeweza kumwambia kivukoni, au nyumbani alipomwita mke wangu na kumwambia apike pilau. Nilijiambia nitasema kesho, nitatafuta neno zuri. Alikuwa amekula, alikuwa akicheka, mke wangu alikuwa akinisemesha tena. Nikajitia hamnazo. Kesho ikaja na nyingine ikaja. Alimwita fundi wa makuti akaezeka upya upande wa kusini. Aliniambia nipande miche ya minazi mahali pa ile iliyozeeka, nami nikapanda, Mungu anisamehe, nilichimba mashimo kwa jembe na kupanda minazi katika shamba ambalo nilijua tumebakiwa nalo siku kumi na nne. Majirani walipoanza kufungasha, aliwapa pole. Alhamisi ya mwisho hakwenda makaburini kwa sababu mvua ilinyesha. "Si neno," akasema, "nitakwenda Alhamisi ijayo."

Jumatatu yake yakaja malori mawili na askari. Jirani wa kaskazini, mtoto wa yule mwenye tumbo, alikwisha kuhamia Kisauni na cheti chake. Sisi askari walitukuta bibi anapepeta mchele mlangoni, kwa kupapasa. Mkubwa wao alikuwa mtu wa bara, kijana, na alimwamkia vizuri, shikamoo mama. Akamwambia wakati umefika.

"Marahaba, mwanangu," bibi akasema, wala hakuacha kupepeta. "Hapa mmekosea. Shamba hili limeandikwa. Muulizeni mjukuu wangu, yeye ni mtu wa ramani."

Wote wakanigeukia. Mke wangu naye akanigeukia, maana hata yeye sikumwambia.

Nikasema, "Halikuandikwa, bibi."

Ungo ulisimama mikononi mwake. "Nimesikia kalamu," akasema.

"Alikuwa akiandika barua nyingine."

"Na wewe uliona?"

"Niliona."

Askari wakaanza kutoa vitu: kitanda, sanduku, vyungu, mtungi. Mkubwa wao alinieleza pembeni, kwa aibu, kwamba huko juu makaburini waya umekwisha kuvutwa tangu alfajiri na hana ruhusa ya kumpitisha mtu. Bibi hakulia wala hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Aliinuka, akamwaga mchele ndani ya kikapu, akakung'uta ungo, akanyoosha mkono. Nikaufikia, akaupita wangu, akaushika mkono wa mke wangu. Lori lilikuwa refu, ikabidi nimwinue mimi. Alikuwa mwepesi sana. Nilipomkalisha juu ya godoro akaniinamia sikioni, akasema bila hasira yoyote:

"Ungelinambia, ningelikwenda kumuaga."